Mapaja kuuma baada ya kushuka mlima

Pole sana ndugu. Umeuliza kwa nini mapaja ya mbele yanauma hivi wakati kushuka ndo kulikuwa rahisi kuliko kupanda. Iko hivi, mbele ya paja kuna misuli 4 inayoungana na kupita juu ya pia ya goti mpaka kwenye mfupa wa muundi, ikivuta goti linanyooka, na kulikunja ni kazi ya ile 3 ya nyuma ya paja, maana msuli unajua kuvuta tu hausukumi. Sasa ukishuka, goti linakunjika huku ile ya mbele imekaza kuzuia usianguke, yaani inarefushwa huku inavuta, na hapo ndo nyuzi zake zinachubuka. Shika paja ushuke ngazi moja polepole, utausikia unavyokaza. Maumivu huzidi kati ya saa 24 na 72 halafu yanapoa, we tembea mdogomdogo usilale tu. Siku nyingine piga hatua fupi, na kabla ya safari fanya mazoezi ya kuchuchumaa taratibu. Ila kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, tafadhali nenda hospitali siku hiyohiyo.