Alaimenti ni Kazi ya Mwisho: Kwa Fundi Anayeanza Kushika Miguu ya Gari

Mteja akiingia gereji na kusema "fundi, nipimie alaimenti," usikimbilie mashine ya kupima mkao wa magurudumu. Alichokutajia ni dawa aliyojiandikia mwenyewe. Ugonjwa bado hajakuambia. Muulize. Gari linavuta upande? Usukani umekaa mshazari hata barabara ikiwa imenyooka? Unatetemeka, na unatetemeka ukiwa mwendo gani? Tairi zinalika? Kuna kitu kinagonga ukipita kwenye rasta? Maswali haya yanachukua dakika mbili, na mara nyingi yanaonyesha kwamba kazi aliyoijia siyo anayoihitaji.

Usukani unaoanza kutetemeka kwenye 80 au 100 ni suala la balansi, yaani uzito wa gurudumu kutolingana pande zote, au rimu iliyopinda kwenye shimo. Ukitetemeka pale tu anapokanyaga breki, tazama diski. Alaimenti haigusi hata moja kati ya hayo, lakini watu wanailipia kila siku, wanaondoka na karatasi yenye namba za kijani, na kesho usukani unatetemeka vilevile. Hapo ndipo tunapopata sifa ya kuwa wezi.

Kuvuta upande kuna mambo yake. Kwetu tunapita kushoto, na barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yatiririkie pembeni, kwa hiyo hata gari zima litajisogeza kushoto polepole ukiachia usukani. Usiliandike hilo kama kasoro. Lijaribu gari mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa pande zote. Likiendelea kuvuta, hamisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia, isipokuwa zile zenye mshale wa mwelekeo. Uvutaji ukihamia upande wa pili, mwenye kosa ni tairi na hakuna bolti ya kugusa. Halafu ukirudi kutoka kwenye majaribio, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Upande unaotoa joto kuliko mwenzake una kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) iliyoganda ikibana, na hakuna mashine ya alaimenti itakayokuonyesha hilo.

Baada ya hapo ndipo unanyanyua gari. Stendi kwanza, kila mara. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Shika tairi juu na chini uitikise, kisha kulia na kushoto. Mchezo wa juu na chini ni beringi au boli jointi, kiungo cha duara kinachoshikisha gurudumu kwenye amu. Ili ujue ni ipi, mwambie mwenzako akanyage breki wakati unaendelea kutikisa: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni boli jointi. Mchezo wa kulia na kushoto mara nyingi ni tai rodi au raki endi, vyuma vinavyounganisha raki ya usukani na gurudumu. Weka kidole kwenye kiungo chenyewe wakati mwenzako anatikisa usukani kidogo kidogo, kwa sababu kidole kinahisi ulegevu ambao jicho halioni.

Kuna jambo moja wanafunzi wengi hawafundishwi. Boli jointi haipimwi kwa namna moja kwenye magari yote. Kwenye Toyota kama IST, Vitz, Premio na magari mengine ambayo springi imekaa juu ya shokapu, uzito haupiti kwenye boli jointi ya chini. Unanyanyua bodi, unaacha gurudumu lining'inie, unaingiza mtaimbo mdogo kati ya amu (mkono unaoshika gurudumu kwa chini) na nakoli (chuma kinachobeba beringi ya gurudumu), unasukuma. Kwenye Hiace au Prado uzito unabebwa na amu ya chini. Ukinyanyua bodi, nguvu ya toshen baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) au springi inaibana jointi na mchezo unajificha. Hapo jeki inakaa chini ya amu yenyewe, karibu na gurudumu. Nimeona Hiace za abiria zikipitishwa kuwa nzima kwa sababu tu aliyepima aliweka jeki mahali pabaya, na jointi ya aina hiyo ikichomoka, gurudumu linalala pembeni gari likiwa kwenye mwendo.

Sasa bushi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi za mtaani zinapoharibika.

Bushi ya amu kwenye magari mengi madogo ni mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili. Chuma cha ndani kinashikwa na bolti. Amu ikipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza, ni mpira unaojisokota. Ukikaza bolti huku gurudumu linaning'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari, amu inapanda na mpira unabaki umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linausokota zaidi. Utachanika mapema, na mteja atarudi akisema umemuuzia bushi feki. Bushi haina kosa.

Namna yake ni hii: funga bolti zote kwa mkono hadi zishike, shusha gari likae kwa miguu yake, libonyeze mara kadhaa mbele na nyuma, lisukume mbele kidogo na kulirudisha, kisha ingia kwenye shimo ukaze likiwa na uzito wake. Gereji yako haina shimo? Weka jeki chini ya amu, inua hadi bodi ianze kuachana na stendi, kaza hapo. Na kabla hujaing'oa bushi ya zamani kwenye presi, ipige alama ya rangi. Baadhi zina matundu kwenye mpira yanayotakiwa kuelekea upande maalumu. Ukiiingiza ikiwa imegeuka, gari litakuwa zito au legelege, na utahangaika kutafuta chanzo kwingine kabisa.

Kuhusu spea, ukienda Gerezani au Kariakoo utapewa machaguo matatu: mpya yenye jina, mpya isiyo na jina, na mtumba kutoka Japani. Mimi sina ugomvi na mtumba kwenye chuma. Amu ambayo haijapinda ni amu. Ila mpira wa mtumba umeshazeeka, hata kama haujachanika, kwa hiyo nunua amu ya mtumba ukitaka lakini bushi iwe mpya. Majina kama 555 kwenye jointi na KYB kwenye shokapu ndiyo yanayoulizwa sana, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayoigwa. Nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa, na mpe mteja boksi tupu pamoja na kipuri cha zamani. Inapunguza maneno.

Shokapu za mbele zina hatari ambayo sitaizungusha. Springi ile imebanwa. Nati ya juu ya katikati haiguswi mpaka vibanio viwili vimeikamata springi pande mbili zinazokabiliana, na springi yenyewe imeachana na kikombe chake. Usisimame mbele ya kichwa cha shokapu wakati unafungua. Usimruhusu dogo wa mafunzo alete gani ya upepo "kuokoa muda". Na ule mti wa shokapu unaong'aa usiushike kwa plaisi hata siku moja. Mkwaruzo mdogo tu unakata sili, na mafuta yataanza kuvuja kabla mteja hajasahau alilipa kiasi gani. Ukiwa hapo, zungusha maunti ya juu, kishikizo cha shokapu kwenye bodi, kwa mkono. Ikikwama, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na mtu atakuja kudhani kasta, kipimo ninachokieleza hapa chini, imeharibika.

Sasa miguu ikishakaza ndipo tunazungumza vipimo. Kuna vitatu. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala ndani au nje ukilitazama kwa mbele: juu likilala nje ni chanya, likilala ndani ni hasi. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia linapokata kona, ukiutazama kwa ubavu. Too ni jinsi magurudumu mawili yanavyotazamana au kuachana ukiyatazama kutoka juu. Gari huvuta kwenda upande wenye kemba chanya zaidi, na kwenda upande wenye kasta ndogo zaidi. Lakini kinachokula tairi kwa kasi kuliko vyote ni too.

Chukua tairi ya IST, 185/65R15. Kipenyo chake ni kama milimita 620. Tuseme too ya jumla imepotea kwa milimita 6, ikipimwa kwenye kingo za tairi, ambayo ni milimita 3 kwa kila gurudumu. Gawanya 3 kwa 620: kila kilomita moja gari linapokwenda, kila tairi ya mbele inasuguliwa kwa ubavu karibu mita 5. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Kwa hiyo tairi itakuwa imeburuzwa ubavu karibu kilomita nzima kwa safari ya kwenda tu. Mweleze mteja hivyo, ataelewa kwa nini tairi mpya zimeisha.

Mkono wako unaweza kuisoma hiyo kabla ya mashine. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Ikiwa laini kiganja kikienda na yenye makali kikirudi, au kinyume chake, ni too. Ikilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Katikati peke yake, upepo ulizidi. Ikiwa na mabonde mabonde, shaka shokapu au balansi.

Kwenye mashine, utaratibu haubadiliki hata foleni ikiwa ndefu. Upepo sawa. Mizigo itolewe, hasa kwa wale wanaotembea na nusu ya duka kwenye buti. Pini za sahani za kuzungukia, zile zinazokaa chini ya magurudumu ya mbele, zitolewe kabla ya kupima, maana zikibaki kila namba itakayotoka ni uongo. Gari lisukumwe ili mashine irekebishe kasoro ya rimu. Injini iwake unapoweka usukani katikati kama ni wa haidroliki, kisha uufunge kwa kishikio. Anza nyuma, malizia mbele. Kemba na kasta kabla ya too, kwa kuwa ukigusa hizo mbili too inahama. Too unaigawa sawasawa pande mbili. Ukirekebisha upande mmoja peke yake namba ya jumla itakuwa nzuri na usukani utakaa mshazari, na kwa dereva usukani mshazari maana yake hukufanya kazi.

Kabla ya kuzungusha tai rodi, legeza kibanio cha mpira wa raki usije ukajisokota na kuchanika. Ukimaliza tazama nyuzi zilizobaki nje pande zote mbili. Zikitofautiana sana, kuna kitu kimepinda, na ulichofanya ni kukificha. Vivyo hivyo ukikuta kemba ya kushoto imezidi chanya na ya kulia imezidi hasi kwa kiasi kilekile, usianze kulaumu shokapu, krosmemba, fremu inayobeba amu za mbele, imesogea.

IST na Vitz zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele tu hazina cha kurekebisha nyuma. Ekseli ni kipande kimoja. Mbele nako hakuna bolti ya kemba kutoka kiwandani zaidi ya mchezo mdogo kwenye bolti mbili za shokapu, na zipo bolti nyembamba zinazoongeza mchezo huo. Mteja akitaka nyuma ya IST "ipigwe alaimenti" mweleze ukweli. Kuna wanaomlipisha.

Kuna suala la spesa, vipande vinavyowekwa juu ya shokapu kunyanyua gari. Mji mzima unanyanyua magari, na siwalaumu. Mwenye IST anayeishi Goba au Kivule ana sababu zake. Lakini ukiingiza spesa juu ya shokapu, amu inalala chini zaidi, kemba inaelekea chanya, too inahama, na shafti zinazozungusha magurudumu zinafanya kazi kwa pembe kali hadi mpira wake unachanika. Anayefunga spesa bila kupima miguu baada ya hapo ameacha kazi nusu. Kama mteja anataka spesa, bei uliyomtajia iwe na alaimenti ndani yake. Akikataa, aende kwingine.

Ndiyo, unaweza kumkataa mteja. Gari lenye boli jointi inayocheza halipimwi, kwa sababu namba utakazoweka zitahama kwenye tuta la kwanza. Mwonyeshe. Mwite chini ya gari, mpe mtaimbo aushike mwenyewe. "Bosi, hii ikitulia ndiyo nikupimie." Wengi wanakubali wakishaona. Wasiokubali utawaona wakienda kwa jirani, na jirani atawapimia. Vumilia hilo, hasa mwezi wa kwanza unapohitaji kodi ya fremu.

Kuhusu kamba: mafundi wa zamani wanapima too kwa kamba na futi, na aliyeijua vizuri anatoa too nzuri kabisa. Jifunze. Itakusaidia gari lililotoka kubadilishwa tai rodi liweze kufika penye mashine bila kuua tairi njiani. Kemba unaweza kuikadiria kwa timazi. Kasta hutaipata kwa kamba.

Magari mapya yenye VSC, mfumo wa kulizuia gari lisiteleze, yana sensa ya pembe ya usukani. Ukihamisha katikati ya usukani, taa inaweza kuwaka kwenye dashibodi, na itabidi sensa iwekwe sifuri upya kwa mashine ya kusomea. Kama huna, mwambie mteja kabla hujaanza.

Nati za magurudumu zifungwe kwa toki renchi. Kwa Toyota ndogo ni Nm 103, kwa mpangilio wa nyota. Kisha toka na gari, mwenye gari akiwa kiti cha pembeni, mpite barabara ileile uliyolijaribia mwanzoni. Mchapie karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, andika kilomita za siku hiyo juu yake, na baki na nakala yako.