Maji ya Ziwa Tanganyika yanafika Atlantiki, mbona tishari halifiki?

Swali: Napakia mizigo bandarini Kigoma. Wenzetu wa Kalemie, upande wa Kongo, husema maji ya ziwa yanatokea kwao na kuishia Bahari ya Atlantiki. Kama ni kweli, kwa nini tishari lisifuate mkondo huo mpaka baharini? Na mbona ziwa halijai, ilhali mito ya Malagarasi na Rusizi inamimina humo mwaka mzima?

Jibu: Wenzako hawajakosea, ndugu yangu. Mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa ni mto Lukuga, unaoanzia hapo Kalemie na kwenda magharibi kilomita 320 hivi, hadi unapoingia Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo. Lualaba ndio huo huo Mto Kongo, ila jina hilo la pili huanza kutumika Kisangani.

Kinachozuia tishari lako ni mwinuko. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji hayateremki polepole kwa kipimo kimoja. Yanashuka kwa ngazi: kipande kirefu tambarare, halafu ghafla mawe na maporomoko. Lukuga peke yake hushuka kama mita 200, ndiyo maana Wabelgiji waliamua kujenga reli ya Kalemie hadi Kabalo, iliyokamilika 1915. Ukivuka Kongolo, Lualaba unabanwa kwenye korongo la Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, na hapo pia mzigo hupanda reli hadi Kindu. Kindu hadi Ubundu boti hupita. Kisha yanakuja maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, katika mwendo wa kilomita mia moja hivi.

Poromoko la mwisho liko Kisangani kwenyewe, na hapo Wagenia, jamii ya wavuvi wa huko, wanavua kwa namna ambayo kila mtu wa ziwani angependa kuiona. Wanasimika magogo kwenye miamba katikati ya maji yanayochemka, wanayafunga kwa kamba za porini, kisha wananing'iniza madema makubwa yenye umbo la pia, mdomo ukikabili mkondo. Samaki anasukumwa ndani na maji yenyewe. Mvuvi anayeyatembelea hujishika magogoni, kwa sababu akiteleza hapo hakuna kuogelea.

Kuanzia Kisangani hadi Kinshasa unapata kilomita 1,700 na zaidi bila poromoko hata moja. Huu ndio uti wa mgongo wa usafiri wa Kongo. Maji yake hayapungui sana kiangazi, maana mto unavuka ikweta mara mbili: mvua ikikatika kaskazini, matawi ya kusini ndiyo yanajaa. Chini ya Kinshasa raha inakwisha. Kwa kilomita 350 hivi mto unaporomoka mita zipatazo 270 hadi Matadi, na mabwawa ya umeme ya Inga yamewekwa humo humo. Reli ya kukwepa kipande hicho ilikamilika 1898. Matadi ndiko meli za baharini hufika.

Sasa la ziwa kujaa. Hujaa! Mwaka 2021, na tena 2024, wakazi wa Uvira, Bujumbura na Kalemie waliona maji yakiingia majumbani. Ila sehemu kubwa ya maji haitoki Lukuga kabisa, inapaa kwa jua. Ziwa lina eneo kubwa na joto la kutosha, hivyo uvukizi hubeba zaidi kuliko mto. Tena mlango wenyewe huziba. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipofika 1876 aliukuta umezibwa na mchanga na mafunjo, kisha miaka michache baadaye ukapasuka na ziwa likashuka mita kadhaa.

Kwa hiyo tone la Kigoma linaweza kufika baharini, lakini halina wenzake wengi. Mto Kongo humwaga baharini takriban mita za ujazo 41,000 kila sekunde, na mchango wa Lukuga ni mamia machache tu.