Kwa nini watu waungwana huanza kudanganya kazini

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje wenzako wa idara ya mauzo, waliokuwa watu waungwana, sasa wanapika takwimu na kuchongeana kwa meneja mpya. Sidhani kwamba wamebadilika tabia. Kilichobadilika ni kile kinacholipwa na kile kinachoadhibiwa. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwataka wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja hadi huduma 8, nao, kwa kuhofia kufukuzwa, wakafungua mamilioni ya akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Benki ilipotozwa faini ya dola milioni 185 mnamo Septemba 2016, wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wengi wao wa ngazi za chini, na baadhi ya waliotoa taarifa mapema walidai kuwa waliadhibiwa kwa kusema, jambo linaloniudhi kuliko udanganyifu wenyewe.

Kwa hiyo usigombane na wenzako. Maagizo ya mdomo ya meneja yathibitishe kwa barua pepe siku hiyo hiyo, usitie saini takwimu usizozijua, na malalamiko yapelekeni kwa pamoja kupitia chama cha wafanyakazi, kwa sababu anayekwenda peke yake ni rahisi kuitwa mkorofi.