Je, kolera huletwa na wakimbizi?

Swali: Mama Muuguzi, jambo sana. Ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Mugunga. Kila kolera ikitokea, majirani wanasema imeletwa na wakimbizi, ati ni wachafu. Sasa mwenye nyumba wetu anataka kumfukuza mama mmoja mkimbizi wa Masisi na watoto wake. Ni kweli? – Mama Sambaza, Goma

Jibu: Mama yangu, kwanza mwenye nyumba akuonyeshe choo alichompangishia huyo mama. Kolera hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia mdomoni kwa maji au chakula. Haijali nani katoka Masisi na nani kazaliwa hapa mjini, mtaa wa Himbi. Inajali bidoni yako ya maji umeijazia wapi.

Goma tumejenga juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo ni pesa, na mpangaji wa chumba cha mbao hana. Robine, yaani bomba la maji, ikikauka, mwenye nazo ananunua maji ya gari. Asiye nazo anashuka ziwani na bidoni ya lita 20. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika, na hata wenye nyumba za ghorofa wakashuka ziwa Kivu. Siku zile sikusikia mtu akiwaita wachafu.

Mwaka 1994 nilikuwa muuguzi kijana hapa hapa. Wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Walikuta ziwa na mawe, vyoo hakuna. Hata makaburi yalichimbwa kwa mashine za askari wa Ufaransa, maana jembe lilikuwa linaruka tu.

Huyo mama mkimfukuza akiwa anaharisha, nguo zake atazifulia pale pale unapochota.

Ziwani, usimpite kijana anayetia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye bidoni za maji kwa bomba la sindano. Akishatia, funika bidoni, ngoja nusu saa. Ukishika franka, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa sambaza. Mtu akiharisha majimaji meupe, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnyweshe njiani mkienda kituo cha afya. Msingoje asubuhi: kolera inaua kwa saa chache. Habari ya choo, wapangaji wote mwende pamoja kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wenu, na huyo mama wa Masisi awe katikati yenu.