Usisubiri macho ya njano

Nilikuwa na kawaida moja mbaya. Mgonjwa akilalamikia tumbo, namvuta kope. Nikiona macho meupe, basi, ini ni zima. Akaja mvuvi mmoja, tumbo limemjaa upande wa kushoto na akila kidogo tu anashiba. Nikamwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Akarudi analalamikia mgongo, nikampa diklofenaki, dawa ya maumivu. Mara ya tatu aliletwa kwa bodaboda, anatapika damu. Alipona, ila si kwa akili yangu.

Hata siku hiyo macho yake yalikuwa meupe. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni adui mkubwa wa ini. Mayai ya minyoo hunasa kwenye mishipa inayoingiza damu kwenye ini, makovu yanajengeka miaka na miaka, damu inakosa njia. Bandama inavimba, mishipa ya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, inatuna na mwishowe inapasuka. Chembe za ini lenyewe zinaendelea na kazi, ndiyo maana umanjano hauonekani au unachelewa mno.

Siku hizi napapasa kila tumbo, mgonjwa akiwa amelala, siyo amekaa kwenye benchi. Anza chini, karibu na kinena cha kulia, panda taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Ukianzia juu, mkono utatua juu ya bandama kubwa na usijue. Kisha uliza: umewahi kupata choo cheusi kama lami? Umekulia ziwani? Pombe je, na mitishamba? Choo kikipimwa bila mayai kuonekana, usitulie. Ugonjwa ukishakuwa mkongwe mara nyingi hayaonekani. Pima na homa ya ini B pia.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, ameshakula. Inaua minyoo, makovu makubwa hubaki. Kwa hiyo mwenye bandama kubwa mpe rufaa akapigwe ultrasaundi na kuangaliwa umio kwa kamera. Propranololi, dawa ya kupunguza shinikizo kwenye mishipa hiyo, wataamua huko. Diklofenaki na aspirini aziache kabisa, hata zile za dukani.

Kampeni za kichocho huwafikia zaidi watoto wa shule. Wavuvi mimi nawafuata mwaloni asubuhi, wakishusha dagaa, na kabla sijafungua kopo la dawa nauliza nani ameshakunywa uji.