Mashine ya umeme usioisha: nibishane na shemeji au niache?

SWALI: Shemeji yangu ameunganisha betri, mota na altaneta ya gari (jenereta inayochaji betri ya gari). Betri inazungusha mota, mota inazungusha altaneta kwa mkanda, altaneta inarudisha chaji kwenye betri. Anadai taa itawaka milele bila mafuta wala jua. Kila tukikutana tunabishana hadi usiku. Nimjibuje?

JIBU: Acheni kubishana, pimeni. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena mapendekezo ya mashine za kujiendesha milele, ikaeleza kwamba kazi hiyo ni ya gharama na imefilisi zaidi ya familia moja. Sababu hiyo ya pili ndiyo inayotugusa sisi: shemeji yako anaunguza fedha zake.

Hesabu ni fupi. Betri ikitoa wati 100, mota ndogo nzuri hutoa kama 80 kwenye ekseli. Mkanda unakula kama 4, zinabaki 76. Altaneta ya gari hugeuza takriban asilimia 60 tu kuwa umeme, kwa hiyo zinarudi kama wati 45, na taa bado haijawashwa. Zilizopotea hazijaenda mbali: sogeza kiganja karibu na mota na altaneta baada ya dakika 20, utazisikia. Ni joto.

Kinachomdanganya ni multimita, kile kipimo cha umeme. Altaneta ikizunguka vizuri, anaweza kusoma volti za kuridhisha, akaamini betri inajaa. Namba hiyo husomwa altaneta ikiwa imeunganishwa, haionyeshi chaji iliyobaki. Chajini betri ijae, muiache bila kuunganishwa chochote usiku kucha, kisha mpime: betri nzima ya asidi husoma kama 12.7. Endesheni mtambo na taa kwa saa tatu, zimeni, ipumzike tena usiku kucha, mpime upya. Mkipima papo hapo mtapata namba ya uongo. Ikishuka karibu na 12.2, nusu ya chaji imekwisha. Msiimalize zaidi ya hapo, inaharibika. Na msichomoe betri altaneta ikizunguka ili kuona kama itaendelea: volti huruka ghafla na kuunguza daiodi, vipande vya kielektroniki vilivyo ndani ya altaneta.

Atakuja na marekebisho. Puli kubwa kwenye mota? Altaneta itazunguka haraka zaidi, lakini mota italemewa kwa kiasi hicho hicho. Gurudumu zito hutunza tu mwendo uliokwisha kulipiwa na betri. Sumaku nazo huvuta chuma kinapokaribia, kisha hung'ang'ania kinapotaka kuondoka.

Baada ya vipimo hivyo, zungumzeni mengine. Ila akianza kuchangisha fedha za majirani, usinyamaze: waonyeshe namba mbili za volti, ya kabla na ya baada.