Kukimbia kilomita 100 kwenye theluji: chunga jasho kwanza

Mara ya kwanza kujaribu ultramarathoni (mbio ndefu kuliko marathoni) ya msimu wa baridi nilitolewa kilomita ya 61, na wala sio miguu iliyonitoa, miguu ilikuwa bado inadai. Kilichonitoa ni zipu. Yaani zipu ya koti. Nilisimama kwenye kituo cha mapumziko njiani kama dakika kumi hivi, nikavua glavu nikaze kamba za viatu, ile nataka kuondoka vidole vikagoma, naviona vipo pale lakini kushika kile kichuma cha zipu haviwezi. Dada mmoja wa kujitolea akaja akanifunga koti mpaka kidevuni kama mtoto wa chekechea, akaniuliza jina na namba yangu, nikajibu maneno yanaburuzika kama mlevi. Safari ikaishia hapo. Siku ile nilimnunia, leo ningemkuta ningempigia magoti.

Ila tatizo lenyewe lilianza masaa mengi kabla, pale kwenye mstari wa kuanzia. Ilikuwa nyuzi -14, nikavaa kila kitu nilichonacho, nikajiona mjanja kweli, wenzangu wanatetemeka mi niko poa. Kilomita ya tano jasho linatiririka mgongoni, na sikupunguza nguo kwa sababu ya uvivu tu, kusimama, kuvua begi, kupanga upya, aah nikasema litakauka. Halikauki bana. Ukikimbia mbio fupi na jasho hakuna neno, unafika unaoga yameisha, lakini kwenye ultra kuna saa utapunguza mwendo utake usitake, kilomita ya 60 au 70 huko watu wengi wanatembea, na mara nyingi ndo giza linaingia na nyuzi zinashuka, kwa hiyo moto wa mwili unazima muda uleule baridi inapozidi, na we umevaa nguo mbichi inayokunyonya joto. Hapo ndo watu wanaishia.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza: mstarini usikie baridi. Kama hausikii, umevaa nyingi, punguza moja. Ya ndani iwe ya sufu au sintetiki, pamba hapana kabisa maana ikishalowa ndo imelowa, ya nje iwe ya kuzuia upepo, halafu kazi yako siku nzima ni kuchezea zipu, panda mlima fungua, shuka funga, kofia vua, kofia vaa. Inachosha lakini ndo mchezo wenyewe. Na upepo usiuchukulie poa, nyuzi -10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inauhisi kama -20, hivyo ukiona miti inaisha mbele na uwanda unaanza, vaa koti ukiwa bado ndani ya miti, usingoje upigwe ndo uanze kupekua begi.

Mikono sasa, hapa nina uchungu napo. Glavu zile za mfuko mmoja ambapo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko za vidole vitano, vaa hizo juu ya glavu nyembamba, na uwe na jozi nyingine kavu. Kila zipu ya koti na begi nilishaifunga kipande cha kamba kirefu cha kuvuta hata ukiwa umevaa glavu nene, halafu nikafanya mazoezi nyumbani, nafungua begi, natoa chakula, nafunga, bila kuvua glavu hata mara moja. Watu wa nyumbani walinicheka sana.

Maji yataganda, jipange. Ule mpira wa kunyonyea maji kutoka kwenye mfuko wa maji wa begini unaganda wa kwanza, ukishakunywa puliza maji yarudi kwenye mfuko, au achana nao ubebe chupa uzigeuze kichwa chini, maana barafu inaanzia juu na mdomo utabaki wazi. Chakula kiweke karibu na mwili, mi niling'ata kipande cha chokoleti kilichoganda nikasikia jino linalia kah! nikadhani limevunjika. Betri za tochi ya kichwa chukua za lithiamu, zile za kawaida zinachoka haraka kwenye baridi, na simu ikae ndani ya nguo. Viatu viwe na nafasi kidogo, kurundika soksi tatu kwenye kiatu kinachobana ni kuzuia damu isifike vidoleni, vidole vitapoa zaidi.

Jifunze pia kujisoma. Ukianza kujikwaa ovyo, kuangusha vitu, kuongea kama una kiazi mdomoni, au kumkasirikia mtu bila sababu, huo sio uchovu tu, mwili unapoa, ongeza nguo na kula palepale. Ukiona pua au kidole kimekuwa cheupe na hakina hisia usikisugue na usikipeleke kwenye moto, na kama kuna uwezekano kitaganda tena njiani usikiyeyushe, tafuta msaada.

Waandaaji wakikupa orodha ya vifaa vya lazima usinung'unike uzito. Kule Minnesota, Marekani, kuna Arrowhead 135, maili 135 yaani kama kilomita 217 mwishoni mwa Januari, mkimbiaji anabeba begi la kulalia, jiko, filimbi, na akifika mwisho lazima awe bado amebakiza chakula cha kalori 3,000. Mwanzoni niliona wanazidisha. Baada ya ile zipu nikaelewa, ukikwama porini mguu umeteguka huwezi kutengeneza joto kwa kukimbia tena, utakaa na ulichobeba.

Mwaka uliofuata nilirudi nikamaliza, taratibu sana, nimefungua na kufunga zipu sijui mara mia ngapi. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ukivuka tu mstari mwili unazima kama jiko lililokatiwa gesi, ndani ya dakika tano nilikuwa natetemeka meno yanagongana. Muombe mtu akusubiri pale na nguo kavu, na kisu kidogo, kamba za viatu vyangu zilikuwa zimeganda ikabidi zikatwe.